Karatasi Niliyoandika Juu ya Mama Yako

Tororo, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Roza,

Umetoka sasa hivi kwenda kijijini Petta kwa baiskeli ya mjomba wako kumuaga bibi, na mimi hukuniaga. Nimekuona dirishani ukikaza kamba za viatu kana kwamba unamfunga mwizi. Leo ni siku ya nne hunisemeshi ila kwa "ndiyo" na "sijui". Sikulaumu. Utarudi jioni ukiwa umechoka, na ukirudi nitakosa ujasiri, kwa hiyo naandika sasa.

Mambo ya shuka, sweta na vidonge vya malaria nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko ndani ya sanduku lako. Hapa sitayagusa.

Kesho basi la saa moja litakupeleka Busia kwa mama yako mzazi, dada yangu Athieno, ambaye tangu udogo wako umemwita "mama wa samaki". Alipokuja mwezi uliopita hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni na kapu lake akasema, "Dorika, nimejenga nyumba. Shule iko karibu. Nimemfuata mtoto wangu." Wewe ukawahi kujibu kabla yangu: "Mtoto gani? Yule uliyemtupa?" Alitazama sakafu. Hakukujibu. Mimi pia sikukujibu, na kunyamaza kwangu siku ile ndiko kulikonikalisha mezani leo.

Mama yako hakukutupa. Mimi ndiye niliyemwondoa kwako. Nilimwondoa kwa kalamu, kwa mwandiko huu huu unaousoma.

Sasa nieleze tangu mwanzo, maana hukumu bila maelezo ndiyo kosa lenyewe.

Kazi yangu unaijua kwa nje. Unajua kwamba Jumatatu hadi Jumatano niko hospitalini hapa Tororo na kila Alhamisi nakwenda Busia, na kwamba wachuuzi wa pale wananiita fundi wa vichwa. Ulicheka sana siku ile muuza nyanya aliponiita barabarani, "Fundi! Changu kinavuja, unaziba kwa bati au kwa majani?" Unajua pia kwamba chumba changu cha kazi hakina meza, na kwamba nina ungo wa maharage ambayo hayaishi kuchambuliwa. Hujui kwa nini. Umewahi kuniuliza, nikakwambia ni mazoea tu.

Nilimaliza mafunzo ya uuguzi wa wagonjwa wa akili nikiwa na miaka ishirini. Ilikuwa kabla ya uhuru. Tangu nikiwa na miaka saba nililelewa kwenye bweni la misheni, na nyumbani nilikuja kama mgeni wakati wa likizo. Katika mafunzo nilikuwa hodari. Tulifundishwa kutazama macho, mikono, usingizi na usemi wa mtu, na kujaza fomu yenye maswali bila kuweka maoni yetu. Fomu zangu zilisomwa mbele ya wenzangu kama mfano. Hujui, mwanangu, jinsi sifa ya namna hiyo inavyomlevya msichana aliyekulia bwenini bila mtu wa kumsifu. Nilirudi Tororo nikijiona naweza kumsoma mtu yeyote kama kitabu kilichofunguliwa.

Mwaka huo huo ulizaliwa wewe. Mama yako na baba yako walikuwa wamepanga chumba karibu na stesheni, katika safu ya vyumba vya watu wa makabila matano. Ulikuwa mtoto wa kilio. Ulilia siku sita, ukakataa ziwa, ukaanza kukonda.

Unajua desturi ya kwetu, umeiona kwa watoto wa mjomba. Mtoto akilia hivyo na kukataa kunyonya, husemwa kuna aliyetangulia anayetaka jina lake liitwe. Marehemu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto ananyamaza kwalo na kushika ziwa, hilo ndilo lake. Kule Petta ni kazi ya wanawake wazee watatu au wanne. Wanakaa, wanatafuna karanga, wanataja, wanawatania marehemu: "Wewe bibi mchoyo, ni wewe unayetusumbua?" Mzazi mwenyewe analala akapumzika.

Mama yako hakuwa na wazee hao. Alikuwa peke yake katika chumba cha kupanga, na majeraha ya uzazi bado yanamuuma, hajalala siku sita. Kwa hiyo aliifanya kazi ya wanawake wanne peke yake. Kila alfajiri alikaa kizingitini na wewe mapajani akiwaita marehemu kwa sauti: "Mama wa baba, ni wewe? Sema kama ni wewe! Kama si wewe niondokee, mtoto ana njaa!" Majirani hawakuielewa lugha. Walichoona ni mwanamke aliyetimka nywele akigombana na hewa.

Baba yako alikuja kazini kwangu akiwa ameshika kofia mkononi.

"Shemeji, dada yako ameharibika. Anafukuza watu ambao hawapo. Majirani wanasema tuhame."

"Amelala lini mara ya mwisho?"

"Hata sijui. Mimi mwenyewe nalala kwa rafiki."

Nilikwenda. Nilikaa naye muda wa kutosha kujaza fomu. Je, anasema na watu wasiokuwepo? Niliandika ndiyo. Je, anadai wao wanamjibu? Ndiyo. Je, anakuwa mkali kwao? Ndiyo. Je, analala? Hapana. Je, analia bila sababu ya wazi? Ndiyo. Kila jibu lilikuwa la kweli, Roza, ukilichukua moja moja. Ukiyasoma pamoja, karatasi nzima ilikuwa uongo.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Mimi nilijua anachofanya. Sikuwa Mzungu wala mgeni. Nilipomsikia akimtaja bibi mzaa baba nilijua hatua aliyofika, nilijua hata ni nani anafuata kutajwa. Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja mtupu wa maelezo mengineyo. Nilikaa nao kalamu mkononi. Ningeweza kuandika: hii ni desturi ya kumpa mtoto jina, mama huyu amechoka, aletewe watu wa kumsaidia. Nikafikiri juu ya daktari atakayeisoma, na jinsi atakavyonitazama, muuguzi wake hodari, anayeandika habari za mizimu kwenye fomu ya hospitali. Niliona haya. Nikauacha mstari mtupu nikatia sahihi.

Gari lilikuja siku ya tatu baada ya hapo, ya sita ya kilio chako. Nilitangulia mimi. Nilimkuta mama yako amekaa kizingitini pale pale, lakini kimya, na wewe unanyonya. Unanyonya kwa nguvu hadi masikio yanatikisika. Aliniinulia uso, na nakumbuka alikuwa anacheka.

"Dorika, amepatikana! Ni Nyadoi, shangazi yake babu. Nani angemfikiria? Nilipomtaja tu, huyu akashika ziwa."

Dereva alikuwa bado anaomba maji ya kunywa kwa majirani. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na muda wa kuichana. Nimeupima muda huo mara nyingi tangu siku ile, na ulitosha. Lakini gari nilikuwa nimeliita mimi, na niliona nikilirudisha tupu nitasemwa sijui kazi. Nikamwambia, "Dada, twende kidogo tu wakuangalie, utapumzika." Aliniamini. Alinikabidhi wewe ili apande vizuri, kisha akanyoosha mikono akupokee. Mlango ukafungwa.

Hivyo ndivyo ulivyofika mikononi mwangu. Hukutupwa. Ulinyooshewa mikono.

Katika hospitali ya wagonjwa wa akili alikopelekwa, mbali na Tororo, walimtendea kwa wema, na sisemi hivi ili kumfurahisha mtu. Walimpa kitanda, chakula na usingizi. Walichoamini ni karatasi yangu, na wangeachaje kuiamini? Palikuwa na mhudumu mmoja wa wodi, mama mtu mzima aliyeitwa Perusi, asiyejua kusoma, lakini alikuwa amekaa Tororo zamani na lugha yetu aliiweza. Nilipokwenda kumwona dada baada ya miezi mitatu, Perusi alinivuta kando, akaichomoa karatasi yangu kutoka kwenye jalada na kunionyesha.

"Binti, wanasema hii ni kazi yako."

"Ndiyo, mama."

"Mwandiko mzuri." Akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Humu ndani umeandika mtoto anaitwa nani?"

"Hapana. Fomu haina swali hilo."

"Mimi ndilo swali nililomuuliza siku ya kwanza. Akanieleza yote, kuanzia kilio mpaka jina. Nimemweleza daktari. Ameniuliza, mbona muuguzi aliyemleta ni mtu wa huko huko na hakusema? Nikamwambia sijui, labda naye ni mgonjwa."

Hakusema kwa hasira. Alinirudishia karatasi akaenda kumwaga maji ya kuogea. Nilibaki kwenye varanda ya wodi, karatasi mkononi. Mafunzo yangu yalianza pale, mwanangu. Ile miaka mingine ilikuwa ya kujifunza mwandiko tu.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu kidogo kidogo, na nataka ujue namna, kwa sababu umri wako ukizidi utaulizwa mama yako mdogo anafanya nini na watu wale, na sitaki ujibu kwamba anatibu wendawazimu.

Niliondoa meza. Nikaweka vigoda viwili vya kimo kimoja, na ungo wa maharage katikati, kwa sababu nimeona mikono ikiwa na kazi, mdomo hauogopi. Aliyemleta mgonjwa namwomba anisubiri nje, hata kama ni mume, hata kama ni mchungaji. Simuulizi mtu "una nini?" maana kwa swali hilo atanijibu alichoambiwa anacho. Namuuliza tangu alfajiri amefanya nini. Anaanza na kuteka maji, anaendelea na uji uliomwagika, na mahali fulani kati ya uji na mtoto kwenda shule sauti inabadilika, na hapo ndipo nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Pale mpakani watu wote huanza na Kiswahili, kwa kuwa ndicho cha kuuzia na kununulia, na kwa Kiswahili kila mtu ni mzima, hana neno. Nasubiri mpaka ahamie lugha anayolilia. Kama siijui natafuta mtu anayeijua, si jamaa yake.

Halafu ninaandika, lakini kabla ya kufunga jalada namsomea yote niliyoandika, kwa lugha yake, na hakuna karatasi inayotoka chumbani mwangu mpaka mwenyewe aseme ndivyo. Wenzangu hospitalini hunicheka kwa hilo. Mmoja alisema, "Dorika anawafanya wagonjwa wasahihishe daftari kama walimu." Ndivyo hasa.

Mwaka jana shemeji wawili walimleta mwanamke kutoka upande wa Samia, wakasema amechanganyikiwa kwa sababu alicheka matangani, mbele ya jeneza la mumewe. Alichambua maharage karibu ungo mzima kabla hajasema. Nilipomsomea, nilifika mahali nilipoandika kwamba alicheka kwa sababu alifurahi kuachwa huru. Akaweka mkono juu ya karatasi.

"Futa hiyo, sista. Mimi hapana furahi."

"Niandike nini?"

"Andika nilichoka. Wamemvisha viatu ya ndugu yake, kubwa, kubwa sana. Miaka ishirini namwomba anunue viatu. Leo amevaa, hapana kwenda mahali. Nikacheka. Andika hivyo."

Nilifuta nikaandika hivyo. Akarudi nyumbani na watoto wake siku ile ile. Kama ningeiacha ile "furaha" pale, mahakama ya shemeji zake ingeipata, na sijui angekuwa wapi leo. Ndiyo maana nafuta. Kila ninapofuta neno langu juu ya mtu mwingine, namwona mama yako akinyoosha mikono.

Ungetegemea basi kwamba mwanamke mwenye busara hii yote alikurudisha kwa mama yako alipotoka. Hapana. Hilo ndilo kosa la pili, na lile la kwanza nililifanya kwa woga, lakini la pili nililifanya kwa mapenzi, nikalifurahia.

Alitoka baada ya miezi mitano. Baba yako alikuwa ameshahamia Jinja na mwanamke mwingine. Maziwa ya mama yako yalikuwa yamekauka, na wewe ulikuwa umezoea chupa yangu na mgongo wangu. Alipokuchukua ulilia ukanirukia mimi. Moyo wangu ulishangilia, Roza. Nasema kweli. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kazi, "Dada, mtoto akihamishwa ghafla anaumia ndani. Mwache kwanza akuzoee." Kulikuwa na ukweli ndani yake, tena ukweli wa kitaalamu. Lakini nilikuwa namzungumzia mwanamke ambaye ameshawahi kuandikwa kwamba hana akili. Angebishana vipi na mimi? Alisema, "Wewe ndiye unayejua," akaondoka.

"Kwanza" hiyo imechukua miaka kumi na miwili. Alikwenda Busia, akaanza kuuza samaki wakavu. Kila mwezi alileta kapu. Mara nyingine nilimwambia umelala, nawe ulikuwa unacheza nyuma ya nyumba. Mara nyingine uko shule, na ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeshukuru kwamba ni kweli. Nilikubatiza Roza, jina zuri, na lile lingine sikulitamka. Ulipokuwa na miaka sita ukaniuliza kwa nini mama yako hakukutaka, nikakujibu, "Alikuwa mgonjwa." Jibu kama yale ya fomu.

Kila Alhamisi napita mbele ya meza yake sokoni nikienda kuwasikiliza wageni. Ananisalimia. Mara moja, miaka ya nyuma, aliniambia akiwa anafunga samaki wa mteja, bila kuniangalia, "Wanasema unawasikiliza watu vizuri sana." Nilisema asante. Nikaenda kazini, nikawasikiliza watu vizuri sana.

Aliposimama mlangoni mwezi uliopita nilikuwa na maneno tayari. Umri mgumu, shule, marafiki, mtoto atashtuka. Yalifika hadi kwenye ulimi. Nikamwona jinsi alivyoshika kapu kwa mikono miwili, kama mtu aliyejiandaa kuambiwa hapana na mtaalamu, nikayameza. Nikasema, "Mchukue, dada." Nilipokwambia siku nne zilizopita kwamba utakwenda, wewe ukadhani nimechoka nawe. Umenihukumu siku nne kwa jambo pekee nililolifanya sawasawa, na hilo pia ni haki yangu kulipata.

Natamani ubaki, ujue hivyo. Kitanda chako nitakitandika kila Jumamosi, na likizo ukitaka kuja, njoo. Lakini usije kwa kumkimbia yeye. Ukinikimbilia kwa hasira juu yake nitakurudisha na basi linalofuata, hata nikilia njia nzima. Hasira yako ilete kwangu, inanihusu.

Huenda ukajiuliza kwa nini nimeandika kwa Kiswahili, wakati wewe na mimi barua zetu huwa za Kiingereza, na nyumbani tunasema Dhopadhola. Ni kwa sababu hiki ndicho anachokisikia kila siku mezani pake, na yeye hajui kusoma. Miaka kumi na miwili iliyopita niliandika karatasi juu yake, ikasomwa na daktari, na wauguzi, na karani. Yeye hakusomewa. Kesho, mkishakula, mkishakaa, mchukulie kigoda chenye kimo kama chako, mpe kitu cha kushika, samaki wa kuparua au chochote. Kisha msomee barua hii yote, pamoja na mahali panaponitia aibu. Panapokuwa pazito mgeuzie kwa lugha yetu. Usikimbie. Akinyamaza, nyamaza. Akisema "futa", chukua kalamu ufute, uandike anachosema yeye, hata kikiwa kikali kunishinda. Alhamisi nitapita sokoni saa nne kama kawaida. Safari hii nitasimama mbele ya meza yake, nami nitasomewa.

Jambo moja la mwisho, maana nasikia baiskeli ya mjomba wako kwenye changarawe. Ukishuka kwenye basi kesho, usitegemee kusikia Roza. Kutakuwa na kelele, wapagazi wanaitana, na katikati yake sauti ya mwanamke itamwita Nyadoi. Jina hilo alilitafuta siku sita bila kulala, na tangu siku alipolipata hajawahi kulitamka likaitikiwa.

Itika.

Mama yako mdogo,
Dorika, niliyeandika ile na hii.